Hereni zangu za almasi na habari ya vyeti

Mchezo wetu wa kuchangiana hela, wa kina mama wa Mikanjuni, ulipofika zamu yangu safari hii sikuwa na deni la ada wala paa linalovuja, jamani sijui ilitokeaje, maana zamu zote za nyuma hela inatoka kwa kijumbe saa 3 asubuhi na jioni ishakwisha, nusu kwa fundi nusu kwa shule. Nikasema basi, hii nala mwenyewe. Nanunua hereni za almasi. Sitaki makubwa, nataka zile ndogo za jiwe moja moja zinazokaa palepale kwenye tundu la sikio, unavaa na dera, unavaa na nguo ya kazini, unalala nazo, mtu akikutazama anaona kitu kinametameta halafu hajui kimetokea wapi.

Mama nilipomwambia alinyamaza kwanza. Halafu akauliza, "Na dhahabu imekukosea nini?"

Namuelewa. Sisi Tanga huku mwanamke akiba yake ipo mkononi na shingoni. Bangili unainunua kwa gramu, ukibanwa unairudisha kwa sonara anaiweka kwenye mzani, anatazama bei ya siku, unaondoka na hela yako mtoto anapelekwa Bombo kutibiwa. Almasi haina mambo hayo. Mtu akikwambia nunua almasi ni akiba we muitikie tu halafu uondoke, maana siku ya kuiuza utapewa kipande kidogo cha hela uliyotoa, ukibahatika kumpata wa kuinunua. Hilo nilishalijua mapema nikaihesabu hii hela kama ya harusini, imeliwa. Ila hata cha kula hutaki upunjwe, ndo nikajikuta nimeingia kwenye habari ya vyeti, mwezi mzima nipo kwenye simu usiku mume wangu anageuka upande wa ukutani ananiambia zima basi hiyo taa.

Ilianzia Dar. Nilikwenda kwenye msiba, siku ya kurudi nina masaa mawili matatu kabla ya basi nikaingia duka moja la vito, silitaji. Kijana mtanashati, lugha tamu, akanitolea hereni kwenye kiboksi cha bluu. "Nusu karati hizi dada, orijino, na cheti chake hiki hapa." Cheti kizuri kweli, karatasi ngumu, herufi za kung'aa, muhuri mwekundu. Kimeandikwa rangi F, usafi VVS, na chini kabisa thamani: milioni 6 na laki 4. Yeye ananiuzia milioni 2 na laki 9. Yaani punguzo zaidi ya nusu, na mie mwanamke wa Tanga nikisikia punguzo damu inachemka. Nikataka kulipa wallahi. Kilichoniokoa ni simu, nikatoka nje kumpigia mjomba.

Mjomba wangu ujana wake wote ulikuwa wa mawe. Alikuwa dalali huko Kalalani na bonde la Umba, mkoani kwetu hukuhuku, anashika gaineti na yakuti, alfajiri yupo kwenye pikipiki na mawe yamefungwa kwenye karatasi mfuko wa shati. Sasa hivi amezeeka yupo Makorora anauza mkaa lakini akili ya mawe haijamtoka. Nikamwamkia, shikamoo mjomba, nikamueleza. Hakuniuliza jiwe likoje. Aliniuliza, "Cheti kaandika nani mwanangu?"

"Si wenyewe wenye duka."

"Basi hiyo barua ya mchumba. Mchumba atajiandika mbaya?" Halafu akasema, "Muulize hivi, kama ni mali ya milioni 6 na laki 4, yeye kachoka nini nayo?"

Sikumuuliza, niliona haya. Nikasema nitarudi, nikaenda kupanda basi. Njia nzima mpaka Muheza nasoma.

Nilichokikuta ni kwamba kuna makaratasi ya aina mbili na wauzaji wengi wanayachanganya kwa makusudi. Moja ni ya kukadiria bei, hiyo anaweza kuandika yeyote, mwenye duka, rafiki wa mwenye duka, na bei wanayoandika huwa imenyanyuliwa ili wewe ujione umeokota. Ya pili ni ripoti ya upimaji, inatoka kwenye maabara ambayo hainunui wala haiuzi hayo mawe, inalipwa ada ya kupima basi. Hii ya pili haina bei. Kabisa. Ukiona karatasi imeandikwa rangi na usafi na chini yake bei, jua umeshika ile ya kwanza. Maabara kubwa inayotajwa kila mahali ni GIA ya Marekani, na wao wenyewe wala hawaiiti cheti, wanaiita ripoti, maana hawathibitishi kitu kwa mtu, wanasema tu siku tuliyolipima jiwe hili tuliliona hivi.

GIA ilianzishwa mwaka 1931 na Robert Shipley, naye alikuwa muuza vito, kilichomkera ni wauza vito wenzake wasiojua wanachokiuza. Na kuna kitu kwao kilinichekesha. Rangi ya almasi wanaipima kwa herufi kuanzia D, D ndo nyeupe kabisa, inashuka mpaka Z yenye umanjano. Kwanini D, A imekwenda wapi? Kumbe kabla yao kila muuzaji alikuwa na A yake, mwengine AA, mwengine AAA, kila mtu anaongeza tu, kama mitumba ya sokoni kila beli ni gredi wani hata lile la sweta zilizotoboka. Wakaona bora waanze na herufi ambayo hakuna mtu kaichafua. Usafi nao una ngazi zake, juu kabisa ni FL jiwe lisilo na doa hata ukitumia lenzi ya mara 10, zinafuata IF, VVS, VS, SI, mpaka chini I3 ambayo doa unaliona hata bila miwani.

Na maabara zenyewe nazo hazilingani, hili sikulitegemea. Nilidhani cheti cha maabara ni cheti. Kumbe mwaka 2014 ule mtandao wa RapNet ambako wafanyabiashara wa almasi duniani wanaorodhesha mawe yao uliacha kuorodhesha ripoti za maabara za EGL, kwasababu jiwe lilelile lilikuwa linapewa daraja la juu kuliko lile ambalo maabara nyingine zingetoa. Kwahiyo muuzaji akisema "ina cheti" swali bado ni lile la mjomba, kaandika nani.

Yule kijana wa Dar alinitupia pia neno "Kimberley", eti mawe yake yana cheti cha Kimberley. Nikaliandika kwenye simu nikalifuatilia. Huo mpango ulianza kazi 2003, unahusu almasi ghafi zinazosafirishwa toka nchi hadi nchi, ili zisiwe zimetoka mikononi mwa waasi wanaopigana vita. Jambo la maana sana. Ila halisemi chochote kuhusu rangi, wala usafi, wala kama jiwe lililokatwa na kupachikwa kwenye hereni yako ndo lile lilikuwemo kwenye kifurushi. Ni kama mtu akuuzie samaki aliyeoza halafu akuonyeshe leseni ya mtumbwi.

Watu kazini nao wananiambia kwani we unahangaika nini, nchi yetu si ina almasi, mtume mtu Shinyanga. Kweli tunayo, Mwadui ipo toka 1940 alipoigundua yule Mkanada John Williamson, na mwaka 1947 likatoka jiwe la pinki la karati 54.5 akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi, wakalikata likabaki karati 23.6. Bibi harusi yule hakuuliza cheti, na hata angeuliza asingekipata maana ripoti ya kwanza ya GIA ilitoka 1955. Lakini yeye aliletewa jiwe na mwenye mgodi. Mie naletewa na kijana wa dukani aliyeletewa na mtu aliyeletewa na mtu.

Sasa nije kwenye karati, maana hapa ndo mama alinichanganya na mie nikamchanganya. Nikamwambia nusu karati. Akashtuka, "Nusu? Hata 9 haifiki? Shaba hiyo!" Kwetu sisi karati ni ya dhahabu, 21, 22, 18, ni usafi, sehemu ngapi kati ya 24 ni dhahabu tupu. Karati ya almasi ni uzito, karati moja ni gramu 0.2, basi. Neno ni moja limetokana na ile mbegu ya kharubu walikuwa wanapimia zamani, ila kazi mbili tofauti. Nikamueleza mama mara tatu, mara ya tatu akasema haya nimeelewa, nikajua hajaelewa.

Na "nusu karati" ya muuza hereni uwe makini nayo hasa, karibu kila mara ni ya masikio yote mawili kwa pamoja. Maana yake kila jiwe ni robo, upana wake kama milimita 4 na kidogo. Hakuna ubaya ila bei yake si sawa na jiwe moja la nusu karati, lile moja ni ghali zaidi kuliko mawili ya robo robo ukijumlisha. Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi ukaulize kilo ya kamba wakubwa na kilo ya kamba wadogo utaelewa hapohapo, kilo ni kilo lakini.

Haya, mpaka hapo nilikuwa nishaamua, bila ripoti ya maabara ya nje sinunui, hata kama ni ya mbegu ya mchicha. Halafu nikaanza kulegea. Kwasababu fikiria, hereni ipo sikioni. Nani atakusogelea sikio atofautishe F na H? Mume? Pete unaitazama mwenyewe siku nzima unapika unaitazama, hereni hata wewe mwenyewe huioni mpaka upite kwenye kioo. Rangi G, H, hata I kwenye dhahabu ya njano, inaonekana nyeupe tu, na SI1 yenye kidoa kidogo pembeni hakuna binadamu atakiona akiwa amekaa na wewe jamvi moja. Kinachong'arisha jiwe ni mkato. Likikatwa vibaya, hata liwe D, linakuwa kama kipande cha chupa kimepigwa vumbi. Kwahiyo nikajiuliza, nalipia maabara inithibitishie vitu ambavyo hakuna atakayeviona? Na ada ya kupima ni ya kila jiwe, hereni ni mawe mawili, ripoti mbili. Zile hereni za maua zenye vijiwe vidogo vidogo kumi na tano ndo kabisa usiulize, hakuna anayekuandikia ripoti ya kila kijiwe, GIA wenyewe ripoti yao ndogo ya almasi inaanzia jiwe la karati 0.15.

Kilichonirudisha ni mtoto wa mama mdogo aliyeko Dubai.

Huyu nilimtumia ujumbe tu kuulizia, siku mbili baadae ananirushia picha, hereni jiwe moja moja karati nzima kila sikio, KARATI NZIMA, na ripoti mbili za IGI, bei ndogo kuliko zile nusu karati za Dar. Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. IGI ni maabara kweli, ipo toka 1975 ilianzia Antwerp Ubelgiji, namba nikaingiza kwenye tovuti yao ikakubali, rangi E, usafi VVS2, kila kitu sawa. Halafu nikaona namba inaanza na LG. Nikapanua picha. Ikawa imeandikwa wazi kabisa, jiwe limekuzwa maabara.

Dada yangu wala hakuwa ananidanganya masikini, hakuisoma tu. Na alipojitetea alisema kweli, "lakini si almasi?" Ndiyo ni almasi. Ni kaboni ileile, ugumu ni uleule wa 10, juu kabisa kwenye kipimo cha ugumu wa mawe, inatengenezwa kwa joto na mgandamizo mkubwa au inakuzwa kwa gesi tabaka juu ya tabaka. Sio zirkonia, lile jiwe la kuiga almasi, hiyo ni kitu kingine kabisa na ni nzito zaidi ya mara moja na nusu kuliko almasi ya ukubwa uleule. Sio moisanaiti pia, jiwe jingine la kuiga, ambayo ina ujanja wake, kile kijimashine cha kupima jiwe linavyopitisha joto wanachokugusishia dukani kinalia "pii" almasi, na moisanaiti nayo mara nyingi inakidanganya kinalia "pii". Moisanaiti unaikamata kwa lenzi, ukichungulia kwa pembeni mistari ya mkato ya upande wa chini unaiona miwili miwili kama mtu aliyeamka na malaria. Ila almasi ya maabara na ya ardhini? Kijimashine hakitofautishi, lenzi haitofautishi, fundi wa miaka 40 hatofautishi. Inataka mitambo ya maabara.

Na bei zake ni mbingu na ardhi. De Beers wenyewe, wale wale wa almasi za ardhini, walileta zao za maabara 2018 wakaziuza dola 800 kwa karati moja bila kujali rangi, watu wakashangaa ni rahisi kiasi hicho, halafu bei za maabara zikaendelea kuporomoka mpaka 2025 wakatangaza wanaifunga biashara hiyo. Sasa chukua jiwe la namna hiyo, lipachike kwenye hereni, lisilo na karatasi, mpe kijana mwenye lugha tamu. Atauza kama la ardhini na we utamuaga kwa kumshukuru.

Hapo ndo msimamo wangu ulikaa sawa, na nauandika kama ulivyo mtu asije akaniambia nimepinda. Rangi na usafi kwenye hereni ndogo sijali cheti. Ninacholipia kwenye ripoti ni mstari mmoja tu, ule unaosema jiwe limetoka ardhini au limetoka mtamboni. Kama huo mstari haupo umeandikwa na mtu asiyefaidika na mauzo, basi mie nalipa bei ya almasi ya maabara, hata muuzaji aape kwa jina la mamake. Akikubali, sawa tumeuziana, na likija kuwa la ardhini ni riziki yangu. Akikataa akae nalo. Niliijaribu hiyo kwa yule kijana wa Dar kwa simu, nikamwambia bei yangu ikiwa hakuna ripoti ya nje, akakata simu. Sijui ndo jibu au ilikuwa chaji.

Wengine wataniuliza sasa si ungechukua zile za maabara karati nzima. Nilifikiria, sana. Kwa mtu anayetaka ukubwa ningemwambia achukue bila kujiumiza, tena hapo hata ripoti si lazima. Mie nilitaka kitu kilichokaa chini ya ardhi miaka mingi kabla ya sisi sote, ndo ujinga wangu huo, nimeulipia mwenyewe kwa hela ya mchezo.

Kwahiyo nikamwambia dada wa Dubai tuanze upya, nataka mawe matupu, hayajapachikwa. Hili nalo nimejifunza: GIA wanapima jiwe likiwa tupu tu, likishabanwa kwenye dhahabu huwezi kulipima uzito sawasawa wala kuona rangi yake, kwahiyo ukinunua hereni iliyokamilika yenye ripoti unaamini kwamba kilichobanwa mle ndani ndo kilichoandikwa. Mawili ya duara, robo karati kila moja, rangi G au H, usafi SI1, mkato daraja la juu kabisa kwa yote mawili. Mkato ndo nilikomalia, na hilo daraja la mkato GIA wanalitoa kwa mawe ya duara yale ya kawaida, toka 2006. Na yawe pacha, milimita zisiachane zaidi ya sehemu ya kumi, maana ripoti mbili nzuri hazina maana sikio moja likiwa na mwezi na jingine na nyota. Alizunguka wiki mbili akapata 0.25 na 0.26, zote GIA. Nikaingiza namba mwenyewe nikiwa nimekaa barazani, zikafunguka, nikasoma neno kwa neno safari hii mpaka maandishi madogo ya chini. Mawe mawili yalinitoka kama milioni 1 na laki 3. Alipokuja likizo akayatamka forodhani, akalipa alichoambiwa, akaniletea kwenye kijikaratasi kilichokunjwa, hata kidole cha mtoto ni kikubwa kuliko hicho kifurushi.

Kazi ya kupachika nikaipeleka kwa mzee mmoja sonara pale Ngamiani, aliyemfanyia mama bangili za harusi yangu. Kwanza kabla hajasema lolote akaweka jiwe moja kwenye mzani wake wa dhahabu. Gramu 0.05. La pili, 0.05. Nikamwambia mzee mbona yamekuja sawa wakati moja ni karati 0.25 na jingine 0.26, akacheka, "Mwanangu mzani huu wa dhahabu, tofauti yako hiyo ni jasho la kidole." Akachukua kipimo cha milimita, tukalinganisha na ripoti, hapo yakakubali kila moja na lake.

Halafu tukaanza kutafuta namba. Namba ya ripoti inaandikwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, ule ukingo mwembamba unaogawa juu na chini, na ni ndogo hasa. Lenzi ya mara 10 mzee hakuona kitu. Akaita mjukuu wake. Mjukuu naye hakuona. Wakaleta lenzi nyingine kubwa zaidi, taa ya simu yangu, feni ikazimwa kwa kuogopa jiwe lisipeperuke, jasho linatiririka, wateja wawili wamesimama mlangoni wanasubiri kuchomelewa mikufu na wao wakaingia kusaidia. Yule kijana akaiona ya kwanza baada ya kama dakika 20, akaisoma tarakimu moja moja mie nafuatisha kwenye simu. Zilipokubaliana zote mzee akasema, sasa tumejuana. Akaniambia mwenyewe, nikija kuchukua nije na simu yangu tuisome tena kabla sijalipa, "mie nikuaminishe na we uniamini, tusije tukakutana njiani tukakwepana." Kucha za dhahabu zinazobana jiwe akazipanga zisikae juu ya namba.

Dhahabu ilikuwa ya mama. Mkufu wake uliokatika toka zamani, 21, nikamuomba kipande. Mzee akasema 21 ni laini kwa kubana almasi, akaiongezea mchanganyiko ikawa 18, kwa nyuma akaweka skrubu badala ya kile kiziba cha kusukuma maana mie nalala nazo. Siku ya kuchukua tukaisoma namba tena, safari hii dakika 5 tu, mjukuu keshakuwa fundi wa kusoma.

Nikapitia kwa mama kumuonyesha, nimezivaa. Alikuwa anapalaza muhogo. Akafuta mikono kwenye kanga, akanivuta sikio lenyewe bila huruma akaligeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akatazama kushoto, akatazama kulia. Nikamwambia mama na cheti ninavyo viwili, nikafungua simu nimuonyeshe. Hakuitazama simu.

"Mazuri," akasema. "Gramu ngapi?"

"Mawe yenyewe mama? Yote mawili ni sifuri nukta moja."

"Gramu sifuri?"

"Nukta moja mama. Nukta moja."

Akaliachia sikio, akarudi kwenye muhogo wake. Kimya kidogo. Halafu bila kuinua macho, "Na ule mkufu wangu uliobaki, mabaki yake yako wapi?"